Ndoo Zinazonuka za Gatakaa

Nyaya za umeme wa bwawa la Kiambere zinapita juu kabisa ya boma la Gatakaa, na miaka yote hiyo hazijamwachia hata cheche. Umeme unamruka unakwenda mijini, yeye anawasha koroboi. Amelalamika mpaka akachoka.

Kwa hiyo bintiye Wawira alipokuja na ndoo nne na kusema atatoa umeme kwenye makombo, mama alicheka akashika mbavu. Wawira hakucheka. Alichota tope bwawani, akatia maganda ya viazi na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, uliolala, akazika ndani vipande vya makaa vilivyofungwa waya wa taa ndogo.

"Mama, kwenye tope mna vijidudu. Vinakula makombo, vinatoa umeme. Vikizoea, taa itawaka."

Walimu wa chuo kimoja cha Embu wangekuja Jumamosi kuiona. Ikiwaka, wangempa Wawira nafasi ya kusoma. Isipowaka, basi, arudi kuchunga mbuzi.

Alhamisi taa ikawaka, nyekundu, ndogo kama punje ya mtama. Wawira akaruka kwa furaha. Jumamosi asubuhi akaenda Kiritiri kuwapokea wageni, mama akabaki na uvundo. Lo, uvundo ule! Sasa niambie, mwanamke wa Mbeere anayesugua kibuyu cha maziwa kwa kijinga cha moto mpaka kinukie, atakaribisha wageni kwenye harufu kama hiyo? Thubutu! Akamwaga tope lote shimoni, akachemsha maji, akasugua ndoo na makaa kwa majivu mpaka vikatakata, akatia makombo mapya na maji safi. Alijiona amemfaa mwanawe kweli kweli.

Wageni walipofika, taa ilikuwa imezimika. Wawira akafunua ndoo moja, akainusa, akaelewa.

"Mama, umeviua vyote."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomchoma Gatakaa. Wageni wakanywa chai, wakasema kwa upole wapigiwe simu taa ikiwaka tena, wakaenda zao. Wawira akachukua fimbo, akawafuata mbuzi.

Gatakaa alilia jikoni, sikufichi. Kisha akajifuta, akabeba ndoo mpaka bwawani, akachota tope kwa mikono yake. Akarudisha makaa na nyaya kama alivyomwona bintiye akifanya. Tangu hapo kila akila alivimegea vijidudu vyake na kuvisemesha. "Kuleni jamani, mwanangu anawangoja." Nzi wakajaa bomani. Jirani yake Jedidah akaja ameziba pua, akauliza ni kitu gani kimekufa hapa.

"Hakijafa," Gatakaa akamjibu. "Kinafufuka."

Asubuhi moja alipoinama kuvilisha, akakiona kile chekundu kinamwangalia. Akatoka mbio mpaka malishoni, kanga ikiburuzika chini, akipiga kelele kabla hajafika.

"Wawira! Wewe Wawira! Wapigie simu wageni wako warudi. Na safari hii sioshi kitu, waje na leso za pua!"