Ratemo na Neno la Baba

Binti mchanga Adhis alipoanza kusema "ba-ba-ba", nyumbani kwao Sironga kulizuka ubishi. Babake, Ratemo, mwalimu wa lugha katika shule ya upili, alidai kwamba anaitwa yeye. Mamake Ratemo, mzee Phanice, akacheka.

"Hapa kwetu baba ni mama," alisema.

Na ni kweli. Kwa Ekegusii, lugha ya pale, mama huitwa baba, na baba huitwa tata. Benta, mke wa Ratemo, aliyeolewa kutoka upande wa ziwa, akamkumbatia mtoto. "Basi nimeshinda mimi!"

Wakati huo Ratemo alikuwa akisomea shahada ya uzamili. Alichunguza lugha ya kale sana iliyozaa Kigiriki, Kilatini, Kiingereza na lugha nyingi za Uhindi. Haikuandikwa kamwe, kwa hiyo wataalamu huyaunda upya maneno yake kwa kulinganisha lugha zilizotokana nayo. Neno lake la baba wanakisia lilikuwa karibu na "pater", ila asili yake wanaibishania. Wapo wanaosema lilitokana na kitenzi cha kulinda. Wengine husema ni sauti tu ya mtoto mchanga, "pa-pa", mzazi akaisikia akadhani ameitwa. Ratemo alishikilia hiyo ya kulinda. Aliipenda.

Kisha Adhis akapatwa na homa ya uti wa mgongo. Alipona, lakini alirudi nyumbani kimya.

Ratemo alimpigia magoti. "Sema baba. Sema tata. Sema lolote, mama yangu." Mtoto alimtazama mdomo, akageuka. Ratemo akagonga sufuria nyuma ya kisogo chake; Adhis akaendelea kula ndizi. Hata hivyo Ratemo alikataa kuelewa, mpaka daktari mjini Kisii alipomwambia kwamba masikio yameharibika na hayatarudi.

"Lakini alikuwa akiniita," Ratemo alisema.

"Watoto wote hutoa sauti hizo, mwalimu. Huenda hakuwa akimwita mtu."

Maneno hayo yalimmaliza. Aliacha masomo. Sabato moja, wazee wa kanisa wakimwombea mtoto, aliinuka katikati ya maombi akaenda zake. Aliporudi alimwambia Benta, "Nilisema baba ni mlinzi. Mimi nimemlinda na nini?"

Benta hakumbembeleza. "Baba Adhis, alipokuwa akilia ba-ba, nilimwinua akanyamaza. Kama hakuwa akiniita, alinyamaza kwa nini?"

 Ratemo alikubali wampeleke mtoto kwenye darasa la viziwi huko Mosocho, na wao wazazi wajifunze lugha ya ishara. Alijifunza vibaya. Vidole vyake vilikuwa vigumu na mawazo hayakuwa pale. Mara nyingi Benta ndiye aliyemtafsiria.

Siku moja, wazazi wake wakiwapo, Adhis alianguka katika ua wa shule, akachubuka goti. Alitazama huku na huku akilia, kisha akaanza kujipapasa kidevuni, tena na tena.

"Hiyo hatujamfundisha," alisema Linet, mwalimu wao wa ishara. "Anataka nini?"

"Anamwita yeye," Benta akamwelekezea mumewe kidole. "Si ndiye mwenye ndevu?"

Ratemo alimwinua mwanawe, akamshika mpaka kilio kikaisha, akamkabidhi kwa mamake. Halafu akatoka nje ya lango. Benta alipomfuata, alimkuta ameegemea ukuta, mikono usoni, na hakutaka kuguswa.