Mkono wa Koti

Siku tuliyomzika mama, mdogo wangu alisoma maisha ya marehemu mbele ya watu na mimi hakunitaja. Asubuhi ile, kabla ya mazishi, alinionyesha karatasi akasema, "Umo humu, dada." Sijui kusoma, nikaamini. Kumbe ameandika kwamba yeye ndiye aliyemuuguza.

Mama alikuwa fundi cherehani mpaka macho yalipozima. Aliongea pini zikiwa zimebanwa midomoni, na hakuwahi kumeza hata moja, wala neno. Miaka tisa niliyomwogesha, kila mgeni aliyemwinamia alipapaswa pindo na kuulizwa, "Nani kakushonea hii, adui yako?" Kisha anacheka mpaka anakohoa, nami namshika mgongo. Siku moja mdogo wangu alipita, hata hakukaa. Mama akaushika mkono wa koti lake, akaufuata mshono kwa kidole gumba hadi kwenye kifungo. "Koti zuri, baba. Ila halijawahi kulowa maji ya kuniogesha."

Nimechoka, ugomvi siutaki. Ninachomdai mdogo wangu ni kimoja: asimame mbele ya watu wale wale, aseme nani alimwogesha mama. Na asije na karatasi.