Mlango Namba 316

Kanisa letu la Kolwezi lilikithamini sana kipaji cha Mechack Kabeya: hakuomba malipo. Siku za juma alitunza kompyuta za ofisi moja upande wa Mashamba. Jumamosi alitunza ile ya kanisa, sanduku jeusi lisilo na spika, lililofungiwa kabatini kama divai ya meza ya Bwana. Ndani yake kulikuwa na nyimbo za kwaya, na sauti ya mama yake, Mama Henriette, aliyeiongoza kwaya hiyo. Bwana alimchukua mama mwezi wa tatu. Kwa rehema zake alituachia kompyuta.

Kazi yenyewe ilikuwa rahisi. Programu ya nyimbo huambiwa isikilize wapi: kwenye anwani gani, na kwenye mlango namba ngapi. Simu za waumini zikibisha hapo kwa wifi, zinapewa wimbo. Mechack alichagua mlango 8080, akaijaribu peke yake, kisha akaenda kuieleza kamati ya teknolojia: watu wanne wenye hekima, mmoja wao akijua kupiga picha kwa simu.

"8080 iko mu kitabu gani cha Biblia?" aliuliza mwenyekiti, Tata Ntambwe.

"Haiko, tata."

"Basi tutaiweka namna gani mu nyumba ya Mungu?"

Wakapiga kura. Ikashinda 316, kwa heshima ya Yohana tatu, kumi na sita. Mechack alieleza kwamba milango ya chini ya 1024 mashine humwachia mkuu wake tu, si programu ya nyimbo. Wakamjibu kwamba mkuu wa mashine zote ni Mungu, wakafunga kwa sala.

Programu, ambayo haijaokoka, ilikataa kuwaka.

Ikawa hivyo hadi Jumamosi ya kuondoa kilio, yaani kumaliza matanga. Mama Kanku, mdogo wa marehemu, aliyekosa mazishi kwa ubaya wa njia ya Mutshatsha, alikaa uani na simu ya kuazima. Lori la makaa lingemrudisha huko saa sita. Spika za kanisa, bila shaka, zilikuwa arusini Fungurume.

"Mi nimekuya kusikia sauti ya yaya," alisema, akimaanisha dada yake mkubwa. "Mutanirudisha bure?"

Tata Ntambwe akapendekeza mashine iwekewe mikono.

"Tata, tuiwekee sifuri," alisema Mechack. "3016. Tatu, kumi na sita."

"Na ile sifuri?"

"Ni pa kupumuzika mbele ya kusoma mustari."

Kamati ikakubali kwa kauli moja, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu ajenda ya soda.

Programu ikawaka. Simu ya Mama Kanku ikabaki kimya. Saa tano na nusu.

"Namba yenu ya Biblia nayo imelala," alisema.

Mechack akasoma tena mipangilio, na aibu ikampanda. Tangu lile jaribio alikuwa ameacha anwani 127.0.0.1, ambako mashine hujisikiliza yenyewe tu. Jioni ile ya jaribio, juma moja baada ya mazishi, alijifungia na visikizio vya ofisini masikioni, akamsikiliza mama yake, asitake mtu mwingine asikie. Kisha kwa miezi miwili akaicheka kamati kwa namba yake ya mlango.

Akaandika 0.0.0.0, yaani kila anwani ya mashine, akaiwasha upya.

Simu ikakwaruza. Kabla ya wimbo wowote, Mama Henriette aliigombeza kwaya:

"Ni nani tena anachelewa?"

"Ni mi, yaya," alijibu Mama Kanku. "Njia iko mubaya."

Dereva akapiga honi. Hakuna aliyeinuka.