Miguu Kwanza, Magurudumu Baadaye

Habari ilimkuta Sushama akikata vitunguu, hata majirani wakadhani machozi ni ya vitunguu: kaka yake, fundi baiskeli, alikuwa amefia dukani, pampu mkononi. Mungu amlaze pema. Alikuwa akiuza magurudumu huku akiwakataza watu kuyanunua: “Miguu kwanza,” aliwaambia. Wanariadha wa mji wao wa Kolhapur, India, wale wanaoogelea, wakapanda baiskeli, kisha wakakimbia, walikijua vizuri kidole chake cheusi kwa grisi. Ghorpade, daktari wa meno, alipofuata magurudumu yake ya kaboni, mepesi na ya bei ghali, kidole kilimdunga kitambi.

“Hapa kuna kilo nane za kupunguza bila rupia hata moja, daktari. Lipia mazoezi kwanza. Panda mlima wa Jotiba bila kushuka baiskeli, ndipo uje.”

“Lakini nimeshayalipia, fundi!”

“Basi yatakungoja msumarini.”

Yalingoja miaka mitatu.

Siku ya kuuchoma mwili wa marehemu, kwa desturi ya Kihindu, Ghorpade alimnong’oneza Sushama, “Dada, mtoni kwenye kuchomea ni mbali. Tuite gari?”

“Miguu kwanza, daktari.”

Waombolezaji wakacheka huku wakilia. Ghorpade alishika machela mbele, akihema, bila kubadilisha bega mpaka kwenye kuni. Mdogo wa Sushama na marehemu akawasha moto. Sushama akalitaja jina la mungu Rama, akaketi mpaka moto ukazimika.