Pirohi za Stefka

Ijumaa za Kwaresima, akina mama wa kanisa la Kiukraine, kwenye miji ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, hukusanyika jikoni chini ya kanisa kufinya pirohi: kijichapati kinatiwa viazi na jibini, kinakunjwa, kingo zinabanwa kwa vidole. Isiyobanwa vizuri hufumuka sufuriani. Stefka Bodnar alifinya miaka thelathini bila hata moja kufumuka, na aliringa, tusifichane.

Kisha baridi yabisi ikamvamia vidoleni. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini yeye alimeza dawa kwa siri. Daktari alipomuuliza kama moyoni ana huzuni, alicheka: "Mimi? Mzima kama chuma!" Kumbe nyumbani alishinda kitandani, mapazia yamefungwa, akilia bila kujua analilia nini.

Ijumaa moja sufuria nzima ikafumuka. Paraska, mkuu wa jiko mwenye ulimi mkali, akafoka, "Nani huyu anatupikia uji?"

Stefka akajikuta akisema, "Si Lorraine huyo? Bado mgeni."

Lorraine, aliyeingia kanisani hapo kwa kuolewa tu, akahamishiwa kwenye kuosha vyombo. Hakujitetea. Stefka aliona aibu wiki nzima.

Ijumaa iliyofuata, Lorraine yuko kwenye sinki, pirohi zikafumuka tena.

"Haya, mabibi," Paraska akasema. "Leo tumsingizie nani?"

Stefka akaweka mikono mezani, vidole vimevimba na kupinda, wote wavione.

"Ni mimi. Vidole vinaniuma tangu mwaka juzi. Na si vidole tu, jamani. Kuna asubuhi naamka najuta kwa nini nimeamka."

Wakamzunguka kwa pole, Paraska wa kwanza. Lorraine peke yake hakusogea.

"Pole nitakupa, mwenzangu, tena ya dhati," alisema. "Lakini ulinisema mbele ya watu. Niombe radhi mbele yao."

Jiko zima likamtazama Stefka. Aibu ilimchoma kuliko maumivu ya vidole. Akaomba radhi, akimtaja Lorraine kwa jina na kosa lenyewe, bila kusingizia ugonjwa. Hapo ndipo Lorraine alipokausha mikono, akamvutia kiti na kumwambia, "Sasa kaa, utuambie hizo asubuhi zikoje."