Gari la injini katikati, magunia mawili ya mchanga na kiwanja cha shangazi huko Abuku

Wakuu, habari za majukumu. Ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe. Nitayapanga kwa utaratibu, bila kuongeza chumvi.

Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili katika uhandisi wa mitambo, na makazi yangu ni Arua. Nina gari dogo la michezo, la viti viwili, ambalo injini yake imekaa nyuma ya dereva, mbele kidogo ya magurudumu ya nyuma. Nilikusudia kuliandaa kwa drift, yaani liende kwa ubavu huku likiwa bado chini ya amri yangu.

Wengi walinishauri niachane nalo. Uzito wake umekusanyika katikati, hivyo hugeuka upesi, na mkia ukishaanza kukimbia, nafasi ya kuurudisha ni ndogo mno.

Nilikataa. Nilikuwa na mahesabu. (Nakiri: nilipima uzito wa kila gurudumu mara tatu, kisha nikaanza kuishuku mizani yenyewe.)

Kazi ilifanyika Pajulu, kwa fundi Drani, mtu aliyezoea pikapu. Tulifunga springi ngumu, tukaongeza kiasi ambacho magurudumu ya mbele yanaweza kukata kona, tukabana difu ili magurudumu ya nyuma yasukume pamoja. Alaimenti, yaani mwelekeo wa magurudumu, tuliipiga kwa kamba na rula, magurudumu ya nyuma yakitazama ndani kidogo ili mkia utulie.

"Mwalimu," aliniita hivyo kwa dhihaka, "hii gari injini iko wapi? Nafungua mbele, naona radieta tu!"

Nilicheka, nikasema tutaongea baadaye. Nilidhani maelezo yangu yangemchosha. Alipoipata injini mwenyewe, hakuuliza tena, nami sikueleza maana ya kukaa kwake huko.

Kiwanja ni cha shangazi yangu, Hajati Zamzam, huko Abuku, upande wa Koboko. Ni eneo pana la murram, udongo mwekundu wa changarawe, ambapo kikundi chake cha kina mama huanika muhogo juu ya turubai. Marehemu mume wake aliendesha malori ya jeshi, kwa hiyo magari hayamtishi. Sikujua mahali pengine popote ambapo ningeruhusiwa.

Siku hiyo ardhi ilikuwa na unyevu wa mvua. Niliweka pipa katikati ya kiwanja, nikalizunguka, mkia ukatoka vizuri, kisha nikaingiwa na hofu na kuondoa mguu kwenye mafuta.

Gari liligeuka ghafla kabla mikono yangu haijasogea. Lilizunguka mara mbili, likasimama hatua tatu kutoka kwenye turubai alipokuwa amesimama shangazi.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitikisa.

"Mtoto ya kaka yangu," alisema, "iko mara moja imebaki. Ikizunguka tena, mimi nafunga kiwanja. Hapa watu natembea."

Nilirudi Arua, nikakaa na namba siku tatu. Upepo wa matairi, sahihi. Alaimenti, sahihi. Mahesabu yalisisitiza kwamba mkia haukupaswa kukimbia kwa kasi ile.

Siku ya nne nilifungua buti dogo lililo nyuma ya injini, nikitafuta spana.

Magunia mawili ya mchanga. Yamefungwa vizuri kwa mpira.

Huku kwetu, pikapu tupu ikienda njia ya matope, fundi huipakia mchanga nyuma ili mkia usiteleze. Ni wema wa kawaida, hakuna anayeuliza. Kwa pikapu ni sawa, kwa kuwa injini iko mbele. Kwangu, uzito ule uliwekwa mwisho kabisa wa gari ambalo nyuma tayari ni zito, na mkia ukawa nyundo.

Nilimpigia Drani. Alicheka, kisha akajitetea.

"Mvua iko, mimi nasema mwalimu naanguka kwa mtaro. Sasa kwa nini wewe hapana eleza mimi?"

Ni kweli. Alikuwa ameniuliza.

Tulikwenda Abuku pamoja, magunia tukayaacha Pajulu. Shangazi alisikiliza kisa chote, kisha akanitazama mimi.

"Mchanga iko kosa moja. Ya pili iko mguu yako. Wewe naogopa, natoa mguu. Bwana yangu kwa matope hapana toa; naacha pale pale, naangalia kule anakwenda."

Nililizunguka pipa mara nne. Katika mzunguko wa tatu mkia ulitaka kukimbia, na mguu wangu ukataka kuinuka. Niliuacha palepale. Macho kwenye pipa. Usukani ukajirudisha wenyewe viganjani.

Nilipozima injini, shangazi alikuwa ameshafungua mlango wa abiria.

"Drani, wewe simama kwa turubai. Mimi naingia. Na wewe, mguu!"

Nilichojifunza: fundi akikuuliza swali, mjibu siku hiyohiyo, na kabla ya kuyarudia mahesabu, fungua kila kifuniko cha gari.

Sasa naomba ushauri wenu, hasa mliowahi kuandaa gari la injini katikati. Mahesabu yangu yote yalichukulia dereva peke yake, na Hajati ametangaza kwamba kiti cha kushoto ni chake kila Jumamosi. Je, springi za upande huo nizikaze, au niziache zilivyo?