Nyuma ya Nyumba Walisikia Ng'ombe Tu

Msimamizi wa ukurasa, lifiche jina langu na la kijiji changu. Waambie wasomaji kwamba mimi ni mzee wa Masisi, umri wangu ni miaka sitini na saba, mwalimu mstaafu na mzee wa kanisa. Nimewaonya wengi hadharani. Leo sina wa kunionya, ndiyo maana nawaandikia ninyi msionijua.

Tangu nistaafu, burudani yangu ni spika. Nina ampli ya zamani yenye njia mbili tu za sauti, kushoto na kulia, inayotumia betri ya sola. Nilijifunza kuifanya sauti imzunguke msikilizaji bila kununua mtambo mwingine. Spika za mbele hufungwa kama kawaida. Za nyuma hufungwa kati ya waya mwekundu wa kushoto na waya mwekundu wa kulia, bila kugusa mweusi. Zikifungwa hivyo, hutoa tu kile ambacho hakifanani kushoto na kulia. Kilicho sawa pande zote mbili hufutika. Nilipopiga nyimbo za kwaya yetu, waimbaji wa pembeni walisikika nyuma yangu kama mwangwi bondeni. Nilijivuna sana.

Mdogo wangu alipougua ini, aliniita malishoni nimrekodi kwa simu yangu, ambayo hunasa sauti kushoto na kulia, kwa kuwa sauti yake ilikuwa imefifia. Aliketi mbele yangu kabisa, ng'ombe wametuzunguka huku na huku. Akasema, "Bihogo na mutoto yake ni ya Mama Furaha. Muntu asimunyanganye." Bihogo ni ng'ombe wake mwekundu, mwenye maziwa kuliko wote. Mama Furaha ni mkewe, na Furaha ndiye binti yao wa pekee. Haukupita muda, mdogo wangu akafariki.

Katika ukoo wetu, neno la mwisho la marehemu husikilizwa na wote kwa pamoja, kisha mkubwa wa ukoo humwuliza mjane kama ana neno. Analojibu hapo halirudiwi tena. Lakini wakati wa kilio wanaume huketi mbele ya nyumba, na mjane huketi nyuma pamoja na wanawake. Havuki kuja mbele mpaka kilio kiondolewe. Nikaahidi kufunga spika pande zote mbili. Kaka yetu mkubwa aliniona navuta nyaya akacheka. "Mwalimu, unafunga nyumba isikimbie?"

Nikamjibu, "Kaka, leo hata wale wa nyuma watasikia kama wako hapa mbele."

Sikuzibadilisha zile spika za nyuma. Niliziacha kama nilivyozizoea, kwa sababu ya kujivuna kwangu.

Mvua ilipiga mabati. Huku mbele tulimsikia marehemu neno kwa neno. Wanaume wakanong'ona: ng'ombe wa baba yetu atatokaje ukooni? Kaka akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba. "Mama Furaha! Umesikia vile bwana yako alisema. Sisi tunawaza Bihogo abakie mu boma ya baba. Uko na neno?"

Kisha sauti yake ikaja juu ya mvua: "Kama ni vile, Papa, mimi sina neno."

"Huyu ni mwanamuke wa heshima!" kaka akasema, nao wote wakapiga makofi. Waliamini amesikia zawadi yake akaiachilia kwa hiari. Bihogo na ndama wake wakaletwa kwangu, kwa kuwa malisho yangu yako karibu.

Nilipokwenda nyuma kukusanya nyaya, Mama Furaha alinishika mkono. "Aksanti, Papa Mwalimu. Nilisikia ng'ombe zake zinalia, zinakata majani, ni kama niko malishoni. Lakini yeye sikumusikia, na niliona haya kuuliza mbele ya wazee. Alisema nini?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Ng'ombe walikuwa pembeni, huyu kushoto, yule kulia. Marehemu alikuwa katikati. Spika zangu zilikuwa zimemfuta.

Nikamwambia, "Alikuaga, mama. Alikuaga vizuri."

Mwanzoni nilinyamaza kwa aibu ya zile spika. Baadaye nilinyamaza kwa sababu ya maziwa. Kila asubuhi Bihogo hukamuliwa uani kwangu, nami ninakunywa. Mke wangu, ambaye hajui lolote, humpelekea Mama Furaha kibuyu kidogo cha maziwa, na kwa kuwa chombo hakirudishwi kitupu, yeye hukirudisha na viazi vitamu au maharagwe. Wanaume wakimsifu kwa ukarimu wake, yeye hudhani wanamsifu kwa uvumilivu.

Jumamosi hii tunaondoa kilio. Siku hiyohiyo kaka atampeleka Bihogo kwa wakwe huko Ngungu, awe mahari ya mwanawe wa kiume anayeoa. Simlaumu kaka, anatoa anachoamini alipewa. Ni mimi peke yangu ninayejua kwamba hakupewa.

Juzi Mama Furaha alikuja mwenyewe. "Papa Mwalimu, Jumamosi utufungie tena bafle zako. Sasa mimi nitaketi mbele. Ninataka kumusikia hata kama ni kwaheri tu."

Sauti ya marehemu imo katika simu hii ninayoandikia. Kuifuta ni kugusa kidole. Nimeshakiweka kidole hapo, nikakiondoa. Nikiipiga mbele ya watu, atasikia kwamba si kwaheri, na wote watajua aliyemdanganya mjane wa mdogo wake. Nikisema mapema, mahari itavunjika, na kaka ataniuliza mbele ya wakwe kwa nini nilikunywa nikanyamaza.

Ndugu zangu, nipeni shauri kabla ya Jumamosi: niende kwake leo nimwambie kwa kinywa changu, au nimwache marehemu ajisemee? Msinihurumie kwa sababu ya mvi zangu. Kibuyu kimerudi sasa hivi, nacho kina viazi, vingi kuliko jana.